Jinsi Matadori Ilivyoingia Jeshini

Tarehe saba Machi, mwaka wa pili wa uasi, saa nne asubuhi, nilikuwa katika ofisi ya mifugo hapa Kisangani. Nilikuwa nimemaliza kuisugua matadori kwa mafuta ya mawese, kwa sababu mafuta ya mashine yalikwisha tangu meli zilipoacha kupanda kutoka Kinshasa, na nilikuwa nimeanza kula lituma yangu ya ndizi za kupondwa kando yake. Wakaingia wanajeshi wanne, wakaniamuru niweke silaha chini. Niliweka chini kijiko. Walitaka ile nyingine.

Wadogo zangu wa ofisini, mmeniuliza mara nyingi kwa nini matadori yetu, chombo tunachotumia kumwondolea ng'ombe uhai bila mateso, imechongwa namba ya jeshi kwenye mpini. Kila mara niliwajibu kwamba ni habari ndefu, nikarudi kwenye kazi. Sasa nimestaafu, sina kazi ya kurudia, na habari yenyewe si ndefu kiasi hicho. Naiandika kwa sababu siku moja mtaitwa kuua mnyama mbele ya watu walioshika bunduki, na chuoni hakuna somo la namna hiyo. Sitasema lolote kuhusu vyeo vyangu, isipokuwa kimoja, ambacho sikukiomba na ambacho, kwa kadiri ninavyojua, bado ninacho.

Nilianza kazi miaka michache kabla ya uasi, nikiwa na shahada mpya na viatu vyeupe. Mkuu wangu alikuwa Daktari Bolamba, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, aliyependa kusema kwamba alisomea ng'ombe kwa sababu samaki hana shukrani. Aliviangalia viatu vyangu, akanipeleka machinjioni. Huko alinichorea kwa chaki kwenye paji la uso la fahali: mstari mmoja kutoka shina la pembe ya kulia hadi jicho la kushoto, mwingine kutoka shina la pembe ya kushoto hadi jicho la kulia. Pale mistari inapokutana ndipo mdomo wa matadori unapoegemezwa.

Chombo chenyewe kinafanana na bastola fupi, nzito kuliko inavyoonekana. Ndani mna kijiti cha chuma. Fataki ndogo isiyo na risasi hukisukuma nje kwa urefu wa kidole, kikaingia katika ubongo na kurudi ndani. Mnyama huanguka kabla sauti haijamfikia. Kama hataliwa, unapitisha ufito katika tundu lile lile, ili asiamke tena. Kisha unagusa jicho. Jicho likipepesa hujamaliza. Unarudia, na wakati huo huna nafasi ya kumwomba mtu radhi.

Daktari Bolamba alikuwa na kanuni moja aliyoiweka juu ya hizo zote: ng'ombe asijue kwamba umekuja kwa ajili yake. Alimwendea kila mnyama taratibu, kwa ubavu, kama mtu anayetaka kuuliza njia. Alinifanya niirudie hatua hiyo mchana kutwa mbele ya wachinjaji waliokuwa wakicheka, hadi fahali mmoja akaacha kuniangalia na kuendelea kucheua. Hiyo ndiyo shahada yangu ya pili. Uasi ulipofika, alishuka mto kwa pirogi hadi Yanonge kuwaona ndugu zake na hakurudi. Nikabaki mkuu wa huduma nzima ya mifugo, yaani mimi na matadori.

Mwanzoni mwa Machi hiyo ninayoisimulia, ng'ombe tisa waliingia mjini kwa barabara ya Ituri. Kisangani si mji wa ng'ombe, na watu walitoka majumbani kuwatazama kama wanavyotazama maandamano. Ng'ombe hao walikuwa mali ya Kapiteni Fidèle, mkubwa wa wanajeshi waliowaleta, au mali ya harakati ya waasi, au mali ya watu ambao siku ng'ombe walipochukuliwa hawakuwa na bunduki. Jibu lilitegemea uliyemuuliza. Mchungaji wao, Papa Ngabu, alichukuliwa pamoja nao, kwa kuwa ng'ombe walikataa kutembea bila yeye. Walikuwa wamepita msitu mzima hivyo, wanajeshi mbele, wanajeshi nyuma, na katikati mzee mmoja aliyevaa koti la mvua akiwaimbia.

Waliwekwa mtaani Kabondo, katika uwanja wa kinu cha mpunga kilichofungwa. Niliitwa kwa sababu kikohozi chao kiliwanyima walinzi usingizi. Nilipoingia sikuhitaji kugusa mnyama ili kuujua ugonjwa. Walisimama shingo zimenyooshwa mbele, viwiko vimetokezwa nje ya kifua, na kila pumzi ilipotoka iliambatana na mguno. Ilikuwa homa ya mapafu ya ng'ombe. Haimdhuru mtu, lakini ingefika Bengamisa, ambako wakulima walikuwa na makundi madogo waliyoyalea kwa shida, isingeacha kitu. Chanjo haikuwapo. Dawa ingezima kikohozi na kuuacha ugonjwa ndani. Nilipowapima, wote tisa walikuwa na homa kali na wamekonda, hata nyama yao nisingeipitisha. Nilimwambia kapiteni kwamba lazima wauawe na kuzikwa.

Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye juma zima. Alikubali papo hapo.

"Bon," alisema. "Kuua, ile tunajua."

Asubuhi iliyofuata nilifika nikiwa nyuma ya toleka, baiskeli zetu za abiria, na milio ya bunduki ilinipokea kabla ya geti. Walikuwa wameanza bila mimi. Walimtoa jike mmoja mwekundu, peloton ya wanajeshi sita ikajipanga, wakafyatua kwa pamoja kwa amri. Risasi zilimpata tumboni, mguuni, na nyingi ukutani. Alivunja geti akatoka barabarani akiburuta mguu, wakamfuata wakiendelea kufyatua, na wauza makemba wote wakalala kifudifudi kando ya mikungu yao ya ndizi, bila kelele, kwa mazoea. Alianguka mbele ya duka la mshona viatu na hakufa upesi. Papa Ngabu alichuchumaa kichwani pake hadi mwisho. Alipoinuka aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Docteur, hawa nimetembea nao. Kufa watakufa, najua. Lakini wasikufe kama huyu."

Nilimwambia kwamba hakuna mwingine atakayekufa hivyo. Toka pale nilienda moja kwa moja kwa kapiteni, nikamweleza kwamba ninacho chombo kinachoifanya kazi hiyo bila mateso: kina kifyatuo, kina fataki, kina chuma kinachotoka mdomoni. Alinisikiliza kwa makini sana. Ndipo kesho yake wakaja wale wanne na kunikuta na lituma.

Niliifuata matadori hadi ofisini kwa kapiteni. Ilikuwa mezani, imefungwa kikaratasi, katikati ya bunduki nyingine zilizotekwa. Napenda mjue kwamba Kapiteni Fidèle hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu wa utaratibu, jambo lililokuwa geni mjini kwetu siku zile, na hatukujua jinsi ya kuishi nalo.

"Docteur, hii inapiga mpaka metre ngapi?"

"Haifiki hata metre moja, mon capitaine. Lazima iguse."

"Iguse adui?"

"Iguse ng'ombe."

Aliigeuza mkononi. "Donc mutu mwenye kuipiga anatembea mpaka kwa adui, anamuwekea hapa kwa uso, alors anapiga."

"Ndiyo."

Akairudisha mezani kwa heshima ambayo hakuwa nayo alipoichukua. Alisema kwamba katika vita vyote alivyopigana hajaona silaha ya watu wenye roho ngumu namna hii, na kwamba kwa sababu hiyo hasa haiwezi kukaa mikononi mwa raia. Nilimwomba basi ampe mwanajeshi aishike, nami nimwelekeze. Akasema mwanajeshi hafyatui kwa amri ya raia. Nilimwomba aje mwenyewe, atoe amri nitakayomnong'oneza. Akasema kapiteni hanong'onezwi. Kila nilipofungua mlango yeye alikuwa na kifungu cha sheria cha kuufungia, na nadhani vingine alivitunga akiwa ameketi pale pale. Mwishoni aliona njia ambayo mimi sikuiona, na akafurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Basi tunakufanya mwanajeshi," alisema. "Jumamosi asubuhi ng'ombe wanakufa. Ukikuwa na cheo, ni kwa bastola yako. Ukikosa, peloton inaendelea."

Ilikuwa Alhamisi. Kwa ng'ombe wanane waliobaki, na kwa neno nililompa Papa Ngabu, nilikuwa na Ijumaa moja ya kuwa ofisa.

Nilikabidhiwa kwa Sajini Likwela, ambaye kabla ya uasi alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo huko Basoko, na aliyeniita Mama katika kila sentensi, hata zile za kunikaripia. Suruali waliyonipa ingewatosha wawili. Niliivaa chini ya kikwembe, kitenge changu cha kujifunga. Bereti niliivaa juu ya kilemba changu, kwa kuwa nimezaliwa katika nyumba ya Waislamu na sikuwa tayari kukivua kwa ajili ya harakati yoyote. Sajini alinizunguka mara kadhaa akitafuta kosa, akasema, "Mama, iko vibaya, lakini sijui ni vibaya gani." Tukaendelea. Nilijifunza kupiga saluti, kugeuka kushoto, na kuapa. Niliapa kuilinda harakati kwa damu yangu, nikiongeza moyoni kwamba nina shughuli Jumamosi.

Jaribio la mwisho lilikuwa la shabaha, na hapo ndipo mambo yalipokuwa karibu kuharibika. Kanuni ilidai kila ofisa afyatue silaha yake mara tano, umbali wa metre hamsini. Nilimweleza sajini kuhusu umbali. Alifikiri, akaamuru shabaha isogezwe. Mwanajeshi aliyeshika ubao akapiga hatua chache. Nikatikisa kichwa. Akasogea tena. Tuliendelea hivyo, mimi nimesimama kama ofisa na ubao ukinijia, hadi ulipogusa mdomo wa matadori na yule kijana akafumba macho. Sajini akatangaza kwamba umbali umekubalika.

Zile mara tano ndizo zilizonitoa jasho. Nilikuwa na fataki kumi na moja, na hakukuwa na mahali pa kupata nyingine upande wetu wa mstari wa vita. Nikizitupa tano kwenye ubao, zitabaki sita kwa ng'ombe wanane, na wale wawili watarudi kwa peloton. Nilimwambia hivyo sajini waziwazi. Alisikitika kweli, lakini kanuni ilisema mara tano, na karatasi za shabaha zilikuwa tano, mkononi mwake. Niliziangalia karatasi zile. Nikamwuliza kama kanuni inasema zitundikwe wapi. Alikiri kwamba haisemi. Nikamwomba azitundike zote kwenye ubao mmoja, moja juu ya nyingine.

Nilifyatua mara moja. Sajini alizibandua karatasi, akainua moja moja kwenye mwanga, na kila moja ilikuwa na tundu katikati kabisa, pale pale pa nyingine. Aliwaonyesha wanajeshi wote uwanjani. Alisema amefundisha watu kupiga shabaha tangu uasi uanze na hajaona mkono kama huu: tano kwa tano, na zote mahali pamoja. Sikumrekebisha. Jioni hiyo nilikuwa sous-lieutenant, cheo cha chini kabisa cha ofisa, na matadori ilichongwa namba.

Jumamosi nilikuta shimo limekwisha kuchimbwa nyuma ya kinu, na limechimbwa kwa ustadi mkubwa. Kasoro yake ilikuwa moja: wachimbaji walijua kuchimba handaki tu, kwa hiyo lilikwenda kwa kupindapinda kama nyoka, na lilikuwa na ngazi ya kusimamia mpigaji. Ng'ombe aliyekufa hapindi. Walipokuwa wakilinyoosha, wanawake wa mtaa waliona wanajeshi na udongo mbichi, wakaja na viti vya plastiki na kuketi, kama ilivyo desturi yetu ya matanga. Mmoja aliniuliza kwa upole ni nani aliyekufa. Nilimjibu kwamba bado.

Nilitundika magunia kwenye kamba ili wanaosubiri wasimwone aliyetangulia. Papa Ngabu alimleta wa kwanza akimkuna chini ya taya na kumwita kwa jina. Nikamwendea kwa ubavu, kama mtu anayetaka kuuliza njia. Alikuwa bado akimsikiliza Papa Ngabu nilipofyatua. Ufito, kisha jicho. Jicho halikupepesa.

Nilipoinua kichwa, peloton nzima ilikuwa imejipanga na mitutu imeelekezwa juu. Sajini alinieleza kwamba kapiteni ameamuru risasi za heshima kwa kila ng'ombe, kwa kuwa wanyama hawa ni mali ya harakati na hawawezi kufa kimya kama kuku. Nyuma ya magunia walikuwa saba, wamefungwa kwa kamba za mkonge kwenye nguzo za mbao zilizooza. Mlio wa kwanza ungewatoa wote hadi barabara ya Bengamisa, na tungerudi kwa yule mwekundu mara saba. Papa Ngabu alikuwa akiniangalia mimi tu.

"Sergent," nikasema, "kapiteni iko hapa?"

"Hapana, Mama. Ameenda uwanja wa ndege."

"Basi nani mkubwa hapa?"

Alianza kujibu, akaitazama bereti yangu. Nililiona lile jambo likimfikia taratibu. "Ni wewe, Mama," alisema. "Mon lieutenant."

"Basi hakuna kupiga. Waweke bunduki chini, na hakuna kuongea."

Angeweza kucheka. Wenzake walikuwa wakingoja acheke. Alipiga visigino, akaniamkia kwa saluti ambayo yeye mwenyewe alinifundisha jana yake, akawageukia wanajeshi. "Peloton, muweke silaha chini. Lieutenant amesema ng'ombe wasisikie."

Hiyo ndiyo amri pekee niliyowahi kutoa katika utumishi wangu wa kijeshi, na ilitekelezwa yote. Watu wenye bunduki walisimama wamefunga midomo kama wako darasani. Wanawake walishusha sauti kwenye viti vyao. Zaidi ya kishindo kifupi cha matadori, kilichosikika ni Papa Ngabu tu, akiimba chini chini wimbo ule aliokuja nao msituni. Wa nne alipepesa jicho, nikarudia. Kwa wa mwisho, jike mzee aliyekuwa akiongoza njia, nilibaki na fataki mbili. Ya kwanza ilikuwa imeingia unyevu, ikatoa kishindo cha mlango mdogo na chuma hakikutoka. Jike akageuza sikio. Papa Ngabu hakukatiza wimbo. Nilibadilisha fataki nikiwa nimeangalia pembeni, kama mtu anayetafuta kitu kingine, nikaegemeza tena. Akaanguka akiwa bado amegeuza sikio upande wa wimbo.

Papa Ngabu aliviringa kamba yake. Alimtazama yule jike mzee, kisha akaniambia, "Hakuna mwenye alijua." Akarudi Ituri kwa miguu siku ile ile, peke yake, na koti lake la mvua.

Mnapoulizwa kazi yetu ni nini, jibuni hayo maneno yake matatu. Mengine ni chaki na mafuta.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini jeshi halijui kuazima mtu. Jioni matadori ilifungiwa ghalani pamoja na silaha nyingine zote zenye namba, na Jumatatu jina langu lilibandikwa kwenye zamu ya kulinda mapipa ya mafuta. Nilikwenda, na kilemba changu na bereti yangu juu yake, hadi pale mkulima mmoja alipofika ofisini na habari nilizozisikia nikiwa bado kwenye zamu. Siku hiyo hiyo nilimpelekea kapiteni barua hii, ambayo nakala yake ninayo.

"Mon capitaine,

Nakuandikia kwa heshima na kwa kufuata ngazi, kama Sajini Likwela alivyonifundisha.

Mkulima wa Bengamisa ananiarifu kwamba ng'ombe wake wawili wananyoosha shingo na kuguna wanapopumua. Amewatenga na wenzao. Wanajeshi wa kituo cha huko wamejitolea kumsaidia kuwaua, na ndiyo sababu barua hii inaletwa na mtu wa toleka anayekimbia. Fataki nimepata chache kupitia kwa masista wa misheni, ambao hawakuniuliza kitu.

Naomba mambo mawili. La kwanza, naomba niachiliwe jeshini. Nimelinda mapipa na hakuna lililoibwa nikiwapo. Nimepigiwa saluti na watu wanaonizidi umri. Kuhusu chakula sina malalamiko, kwa kuwa sijawahi kukiona. La pili, naomba matadori iachiliwe kutoka ghalani. Vitani haina faida: adui atakayekubali kusimama kimya huku nikimwekea kitu kwenye paji la uso hahitaji tena kupigwa.

Sajini ananiambia kwamba kibali cha kuondoka jeshini hutolewa kimoja tu kwa mwezi, kwa mtu au kwa silaha, na kwamba cha mwezi huu hakijatumika.

Kama ni kimoja, mon capitaine, ipe matadori. Inasubiriwa Bengamisa, na nitaipeleka mwenyewe zamu ikiisha. Mimi nitabaki jeshini.

Sous-lieutenant Mwamini,
daktari wa mifugo."